Mpasuko wa njia ya haja kubwa: kuupoza bila kisu

Nakala ya mazungumzo ya kipindi. Wanaozungumza ni Rehema, mfamasia, na Shaban, dereva wa zamani wa malori.

SHABAN: Dada Rehema, kabla hujasalimia watu nina swali. Ukiwa dirishani pale dukani, mtu akija na maumivu ya… huko, anatumia neno gani?

REHEMA: [anacheka] Hatumii neno. Anasubiri wateja wengine waishe, anasogea mpaka pua inagusa kioo, halafu ananong'ona: "Dokta, naomba dawa ya bawasiri." Nikimuuliza nani kakupima, ananiambia, "Ah, si ile ya kawaida tu."

SHABAN: Mimi nilisema kiuno.

REHEMA: Kiuno!

SHABAN: Kiuno. Neno lenyewe kwetu ni tusi, ukilitamka kwenye foleni ya zahanati watu wanageuka kukuangalia mama yako kakulea vipi. Ukisema "tupu ya nyuma" unajiona uko darasani mbele ya ustadhi. Nikaona kiuno kina heshima. Nikapewa dawa ya kuchua.

REHEMA: Ukachua?

SHABAN: Wiki nzima. Mgongo ukawa laini kama wa mtoto, na huko kunawaka moto vilevile.

REHEMA: Haya, karibuni. Mimi naitwa Rehema, niko Dar es Salaam. Huyu ni Shaban, ameendesha lori njia ya Tunduma miaka kumi na moja kabla hajaja kunisumbua kwenye maikrofoni. Leo tunaongelea mpasuko wa njia ya haja kubwa, ule sugu, uliogoma kupona, na vitu vya kufanya kabla ya kufikia kisu. Kama uko mezani unakula, malizia kwanza.

SHABAN: Au endelea kula, safari yote ya hicho chakula inaishia hapo hapo.

REHEMA: Tuanze na wewe. Ilianzaje?

SHABAN: Makambako. Nina siku ya nne sijapata choo. Dereva wa masafa hanywi maji, dada, kila chupa ya maji ni kusimama mara mbili, na kuna mahali husimami. Mikumi huwezi kushuka ukaenda kichakani, utakutana na wenye mbuga yao. Kitonga ndio kabisa. Kwa hiyo unabana. Na chakula cha njiani unakijua: chipsi mayai, nyama choma, ugali wa sembe mweupe kama karatasi, mboga yako ya majani ni kachumbari. Asubuhi ile gesti, baridi ya Makambako, nikaingia chooni. Kikatoka kama gunzi la muhindi. Nikasikia kitu kinachanika, kile kimlio cha kanga mpya inapochanwa kuwa vipande viwili.

REHEMA: Damu je?

SHABAN: Kidogo, nyekundu mbichi, niliiona kwenye maji ya kutawazia. Lakini damu haikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba nimemaliza, nimevaa, nimepanda kabini, na maumivu ndiyo kwanza yanaanza. Wakati wa choo ni kama umepitisha kipande cha chupa. Baada ya hapo ni kitu kingine, ni kubanwa, kama mtu kashika koleo. Nimeendesha hadi Mbeya nimekalia tako moja.

REHEMA: Hapo kwenye "baada ya hapo" ndipo ugonjwa wote ulipo. Nataka msikilizaji apashike. Bawasiri nyingi, zile za ndani hasa, zinatoa damu bila maumivu makali. Mpasuko unauma wakati wa choo, halafu unaendelea kuuma nusu saa, saa moja, wengine nusu siku. Yale maumivu ya pili hayatoki kwenye kidonda peke yake. Yanatoka kwenye msuli.

SHABAN: Ule wa kubania.

REHEMA: Iko miwili. Wa nje unauamrisha: uko kwenye daladala, umebanwa, unaukaza mpaka ufike nyumbani. Wa ndani hauamrishwi. Unafanya kazi wenyewe, usiku na mchana, hata umelala. Sasa ngozi ikichanika pale, msuli wa ndani unashtuka na kukaza. Ukikaza unaminya mishipa midogo ya damu inayolisha ile ngozi. Kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi. Kesho yake kinachanwa tena, msuli unakaza zaidi. Mwaka 1994 madaktari wa Rotterdam walipima jambo hili kwa wagonjwa: penye mkazo mkubwa wa msuli, damu inayofika kwenye ngozi ni kidogo. Na sehemu inayopata damu kidogo kuliko zote ni katikati kwa nyuma, upande wa mkia wa mgongo. Ndiyo maana karibu mipasuko tisa kati ya kumi iko hapo.

SHABAN: Kumbe mimi nilikuwa na mkakamao wa msuli, kama ule wa mguu usiku.

REHEMA: Mfano mzuri sana huo. Mtu akipata mkakamao wa mguu humpaki dawa ya kidonda, unaunyoosha msuli. Na hapa tiba zote zisizo za kisu zinafanya mambo mawili: zinalainisha choo ili kidonda kisichanwe kila asubuhi, na zinaulegeza ule msuli wa ndani ili damu ifike. Basi. Dawa ikikuahidi kingine zaidi ya hayo mawili, iangalie mara mbili.

SHABAN: Mimi nilikuta inayoahidi kingine.

REHEMA: Simulia.

SHABAN: Baada ya ile ya kuchua nikaenda zahanati moja, sitaitaja. Yule aliyenipokea hakuniangalia kabisa. Akaandika "bawasiri" nimesimama mlangoni. Nikapewa vidonge vya kuchomeka. Miezi miwili ikapita. Nikijigusa wakati wa kutawaza nasikia kinyama kimeota pale pembeni, kama ncha ya kidole cha mtoto. Nikasema ndiyo yenyewe hiyo bawasiri. Nikanunua unga kwa jamaa mmoja mjini, eti unachoma kinyama kinadondoka siku ya saba.

REHEMA: Ukapaka.

SHABAN: Nikapaka. Dada yangu, niliuma shuka. Siku ya saba kinyama kipo palepale kinaniangalia, na ngozi ya pembeni imeungua.

REHEMA: Pole sana. Ninachotaka watu wajue ni kwamba mpasuko ukishapita wiki sita hadi nane unaitwa sugu, na sura yake inabadilika. Kingo zinakuwa ngumu, ukiangaliwa vizuri nyuzi za ule msuli zinaonekana chini ya kidonda, na kwa nje panaota kijinyama. Kijinyama hicho ni ngozi iliyovimba kwa sababu ya kidonda kilicho juu yake. Ukikichoma umemchoma mlinzi wa mlango, na mwizi yuko ndani anakula. Kinywa cha kidonda bado kiko wazi.

SHABAN: Aliyeniambia ukweli alikuwa daktari wa Mbeya. Aliniambia nilale ubavu, magoti kifuani, akasogeza makalio taratibu akaangalia. Hakuingiza kitu. Dakika moja. Akasema, "Una mpasuko, uko kwa nyuma, siingizi kidole leo kwa sababu utaruka hadi Zambia."

REHEMA: Huyo anaijua kazi yake. Mpasuko mara nyingi unaonekana kwa macho tu. Ukiambiwa una bawasiri na hakuna aliyekuangalia, hujapimwa.

SHABAN: Haya, tiba. Mimi alinianzishia beseni.

REHEMA: Beseni! Watu wanalidharau beseni kwa sababu halina lebo. Lakini mwaka 1986 watafiti wa Denmark walichukua watu wenye mpasuko mpya kabisa, sio sugu, wakawagawa. Kundi moja likapewa marhamu ya ganzi ya lidokeini, kundi lingine marhamu ya hidrokotisoni ya kupunguza uvimbe, kundi la tatu pumba za ngano na kukalia maji ya vuguvugu. Baada ya wiki tatu, wa maji na pumba walikuwa wamepona asilimia 87. Wa ganzi asilimia 60.

SHABAN: Pumba na maji vimeshinda dawa ya duka.

REHEMA: Kwa mpasuko mpya. Kwako wewe wa miezi mitatu beseni peke yake lisingetosha, ila huwezi kuliruka. Hebu waeleze unavyolifanya, maana nimeona watu wanajichemsha.

SHABAN: Beseni pana, la plastiki, langu jekundu. Mke wangu akaliandika kwa rangi ya kucha, LA SHABAN, lisije likaoshewa mchicha. Unatia maji ya vuguvugu, unajaribu kwa kiwiko kama unavyojaribu maji ya kumwogesha mtoto. Unakalia, maji yafunike huko, dakika kumi mpaka kumi na tano. Muda wenyewe hasa ni ukitoka tu chooni, kabla lile koleo halijashika. Na usiku kabla ya kulala. Unasikia kabisa kitu kinafunguka, kama fundo la kamba.

REHEMA: Huo ni msuli unalegea. Na maji matupu. Usitie dawa ya kuua vijidudu, usitie siki, vitakuunguza. Akina mama waliojifungua hapa nawaomba sana: najua kukandwa, najua mama mkwe anasubiri na sufuria la maji ya moto. Maji ya moto sana yanaunguza, na mpasuko baada ya kujifungua ni jambo la kawaida mno. Vuguvugu. Ukimaliza unajikausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, bila kusugua.

SHABAN: Halafu chakula. Hapo ndipo niligombana na daktari. Aliniambia nyuzinyuzi, nikadhani ananiambia nile kamba.

REHEMA: [anacheka] Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliisagi. Inapita, inashika maji, inakifanya choo kiwe kinene na laini. Lengo kwa mtu mzima ni gramu 25 hadi 35 kwa siku. Hapa kwetu sio kazi ngumu, tumejiharibia wenyewe kwa kukoboa mahindi. Rudi kwenye dona. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu kumi na kitu. Parachichi moja la wastani, kama gramu kumi. Mapera, matembele, kisamvu, bamia, choroko, viazi vitamu na maganda yake. Mlenda, wale mnaoucheka mlenda, mnacheka dawa.

SHABAN: Mimi Mzigua, usiniambie mlenda.

REHEMA: Basi ulikuwa na tiba nyumbani ukaenda kula chipsi Makambako. Ila uongeze polepole, wiki moja hadi mbili. Ukiruka kutoka chipsi kwenda bakuli mbili za maharage kwa siku, tumbo litajaa gesi hadi ukimbiwe kabini. Na maji. Nyuzinyuzi bila maji ni saruji. Kuna maganda ya mbegu yanayoitwa isabgol, nayo ni nyuzinyuzi, yanauzwa kwenye maduka ya viungo ya Wahindi na kwenye famasi, kijiko kimoja kwenye glasi kubwa ya maji, unakunywa papo hapo kabla hakijaganda, na glasi nyingine juu yake. Ukiyala makavu yanaweza kukukaba.

SHABAN: Sanamaki je? Bibi yangu kwa choo kigumu ni sanamaki tu.

REHEMA: Sanamaki inasukuma utumbo kwa nguvu. Siku moja umekwama, sawa. Kila siku, hapana. Na mafuta ya nyonyo vivyo hivyo. Watu hawajui kwamba kuharisha nako kunachokonoa mpasuko, ile kwenda mara sita na tindikali yake. Hatutaki choo cha maji, tunataka choo laini chenye umbo, kama ndizi mbivu. Kama chakula hakitoshi ninampa mtu laktulosi, ile ya maji matamu. Inavuta maji kwenye utumbo, taratibu, inachukua siku moja au mbili kufanya kazi. Usiinywe asubuhi ukategemea mchana.

SHABAN: Kitu kingine, kuahirisha. Mimi nilikuwa naogopa choo. Nasikia haja imekuja, nakaza, naiambia kesho. Na kesho inakuja ngumu zaidi.

REHEMA: Kwa sababu utumbo mpana kazi yake ni kufyonza maji. Kila saa unayobana, choo kinafyonzwa maji. Haja ikiita, itika. Na usikae humo na simu robo saa. Wenye choo cha kuchuchumaa mna bahati, mkao ule unanyoosha njia. Wenye choo cha kukaa tafuteni kigoda cha kuwekea miguu, magoti yapande juu ya nyonga.

SHABAN: Mimi nilitumia mbuzi ya kukunia nazi.

REHEMA: Imekunjwa?

SHABAN: Imekunjwa, dada, mimi sio mjinga kiasi hicho. Sasa tuje kwenye baruti.

REHEMA: Ngoja niielezee, maana nimeingojea. Msuli ule wa ndani mwili wenyewe una namna ya kuulegeza: neva zinatoa gesi kidogo sana inayoitwa naitriki oksidi, msuli unalegea. Madaktari wakajiuliza, tunaipeleka vipi pale? Kuna dawa ya zamani ya moyo inayoitwa naitrogliserini, ikifika mwilini inatoa naitriki oksidi. Wakaitengeneza marhamu.

SHABAN: Na naitrogliserini ndiyo ile ile ya kupasulia miamba.

REHEMA: Ndiyo ile aliyoitumia Alfred Nobel kutengenezea baruti zake. Na Nobel mwenyewe uzeeni aliugua moyo, madaktari wakamwandikia naitrogliserini, mwenyewe akasema ni kejeli ya majaliwa. Kisha mwaka 1998 tuzo yenye jina lake wakapewa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad kwa kazi yao juu ya naitriki oksidi hiyo hiyo. Kwenye marhamu ni kidogo mno, asilimia 0.2 hadi 0.4, hailipuki, msiogope.

SHABAN: Hailipuki huko chini. Juu inalipuka.

REHEMA: Kichwa.

SHABAN: Dada, siku ya kwanza nimepaka, dakika kumi na tano, nikadhani nimegongwa. Kichwa kinadunda kama ngoma ya mdundiko. Nikaiweka pembeni siku tatu.

REHEMA: Dawa inapanua mishipa, haichagui ya wapi. Wafanyakazi wa viwanda vya baruti zamani waliumwa kichwa kila Jumatatu: mwili unazoea wiki nzima, wikiendi wanapumzika, Jumatatu wanaanza upya. Wewe kwa kuiacha siku tatu ulijirudishia Jumatatu.

SHABAN: Nani angeniambia?

REHEMA: Mfamasia wako. Inapakwa mara mbili kwa siku, kiasi cha punje ya kunde, kwa kidole chenye glavu, ukingoni na ndani kidogo tu. Vaa glavu kwa sababu inapenya hata kwenye ngozi ya kidole. Upake umekaa au umelala, usisimame ghafla, presha inashuka. Panado nusu saa kabla inawasaidia wengi. Na jambo ambalo nalisema kwa sauti kubwa: usiitumie kama unatumia sildenafili, zile dawa za nguvu za kiume, au ndugu zake. Presha inaweza kuporomoka ukafa. Wanaume wananunua zile kwa siri, na hii kwa siri, siri mbili zinakutana mwilini.

SHABAN: Mh. Hilo ndilo neno la leo. Na inafanya kazi kweli?

REHEMA: Nitakuambia kwa uaminifu. Mwaka 1997 Waingereza wa Nottingham walichapisha utafiti: waliopaka dawa walipona asilimia 68 kwa wiki nane, waliopaka mafuta matupu asilimia 8. Dunia ikashangilia. Tafiti zikaongezeka, zikakusanywa pamoja, na mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yakaonyesha dawa ni kama asilimia 49, mafuta matupu 36. Na waliopona, karibu nusu mpasuko ulirudi baadaye.

SHABAN: Kumbe tofauti ni ndogo.

REHEMA: Ni ya kweli, lakini ndogo. Siwezi kumuuzia mtu nikamwambia itampa uhakika. Siku hizi wengi wanaanza na diltiazemu ya asilimia 2, au nifedipini ya kupaka. Hizi nazo ni dawa za presha, zinauzuia msuli usipate kalisiamu ya kukazia. Zinaponya karibu sawa na naitrogliserini, ila kichwa kinauma kwa wachache zaidi. Wengine wanawashwa pale zinapopakwa. Shida ni upatikanaji. Marhamu hii mara nyingi inachanganywa na mfamasia kwa kipimo, haikai rafuni kama panado. Ukiandikiwa, uliza inachanganywa wapi. Usisage vidonge vya presha vya baba ukavichanganya na mafuta ya nazi. Nimeona.

SHABAN: Umeona?

REHEMA: Nimeona, kwenye kikopo cha mtindi.

SHABAN: Mimi nilihamia hiyo diltiazemu. Siku kumi za kwanza hakuna kitu. Siku ya kumi na mbili, nakumbuka ilikuwa Ijumaa, nimetoka chooni nikasubiri koleo. Halikuja. Nikakaa sebuleni nalisubiri kama mgeni.

REHEMA: Halafu ukafanya nini?

SHABAN: [kimya kidogo] Nikaacha kupaka.

REHEMA: Msikilizeni. Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Maumivu yanaondoka kwanza, kidonda kinafuata nyuma kwa wiki kadhaa. Dozi ni wiki sita hadi nane. Wagonjwa wangu wanaorudi wakisema dawa imeshindwa, nikihesabu nao siku kwa vidole, wengi wamepaka wiki mbili.

SHABAN: Mimi siku kumi na sita. Wiki ya tatu gunzi likarudi, likachana upya. Nikaanza moja. Safari hiyo mke wangu akachora kalenda ukutani, vyumba hamsini na sita, kila jioni anatia alama. Watoto wanauliza baba anafunga nini.

REHEMA: Na marhamu za ganzi, lidokeini, ni za kukusaidia kupita siku mbaya, upake kidogo kabla ya choo. Haziulegezi msuli wa ndani. Zile zenye dawa za jamii ya kotisoni usizikalie miezi, zinafanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi yenyewe ndiyo tunaitafuta.

SHABAN: Na ile sindano? Nilisikia Botox, ile ya wanawake wa sinema wasiokunja uso.

REHEMA: Ndiyo hiyo. Wajerumani waliijaribu kwa mpasuko mwaka 1993. Daktari anachoma kidogo kwenye msuli, unalegea kwa miezi miwili mitatu, kidonda kinapata nafasi. Inawasaidia wengi ambao marhamu imewashinda. Kasoro yake ni bei, na kwa muda mfupi unaweza kushindwa kuzuia ushuzi. Inaisha yenyewe.

SHABAN: Kwenye baraza la wazee hiyo ni hatari.

REHEMA: Kuna ya kudumu zaidi upande wa kisu: kukata kipande cha msuli wa ndani. Hiyo inaponya zaidi ya watu tisa kati ya kumi, hakuna marhamu inayoifikia, nisiwadanganye. Ila wachache wanabaki na udhaifu wa kuzuia gesi au choo, na ule msuli ukishakatwa hauungwi. Ndiyo maana tunaanza na vinavyorudishika nyuma. Hasa mama aliyezaa kwa njia ya kawaida mara kadhaa, daktari anafikiria mara mbili kabla ya kumkata.

SHABAN: Kuna ujumbe hapa, mama mmoja wa Tanga. Anasema amejifungua miezi minne iliyopita, ananyonyesha, choo ni mateso, anaogopa dawa zisiingie kwenye maziwa.

REHEMA: Mama, laktulosi na isabgol hazifyonzwi kwa kiasi cha maana, unaweza kuzitumia. Beseni mara mbili tatu kwa siku. Kunywa maji zaidi, kunyonyesha kunayachukua. Kama unatumia vidonge vya madini ya chuma, hivyo navyo vinakausha choo, mwambie anayekuhudumia, usiviache kimyakimya. Marhamu za kulegeza msuli zungumza na daktari kwanza. Na nenda ukaangaliwe, kwa sababu kwa wanawake mpasuko wakati mwingine unakuwa kwa mbele, na huo nao ni wa kawaida.

SHABAN: Na usio wa kawaida?

REHEMA: Ulio ubavuni. Au mingi kwa pamoja. Au usiouma kabisa. Huo unaweza kuwa na ugonjwa mwingine nyuma yake: kifua kikuu, kaswende, virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, hata saratani. Ukiona unakonda, una homa, usaha unatoka, damu imechanganyika na choo chenyewe, au umevuka miaka hamsini na damu imeanza sasa, acha beseni, nenda hospitali wiki hii. Na uliyemaliza wiki nane sawasawa, alama zote kwenye kalenda, na bado unauma, umeshafanya sehemu yako. Rudi, waambie, waangalie hatua inayofuata.

SHABAN: Alama zangu ziliisha hamsini na sita. Daktari akaangalia, akasema pamefunga. Kile kinyama bado kipo.

REHEMA: Hakikusumbui?

SHABAN: Hakinisumbui. Tunaishi naye.

REHEMA: Basi mwache. Maswali tumeni kama kawaida, ya sauti au ya maandishi, majina hatusomi.

SHABAN: Na mkiandika "kiuno", tutaelewa.